Wimbo wa Modemu na Salamu za Mzee Wario

Nyinyi mnaoegemea ukuta wa hoteli pale stendi mkinyonya waifai bila kununua hata chai, ninawaona. Kibanda changu kinawatazama usoni. Juzi mmoja wenu alitupa simu mapajani, akalaani serikali, akalaani mlingoti, akamlaani na mama wa aliyevumbua simu, kwa sababu kile kiduara kilizunguka kidogo kabla video haijafunguka. Nilicheka hadi nikamwaga chai yangu. Mimi chai nilikuwa nimenunua.

Kiduara! Sisi tulikuwa tunangoja wimbo.

Naitwa Saimoni Ebei. Shule niliiachia darasa la tano, mbuzi walinihitaji kuliko mwalimu. Lakini kabla nyinyi hamjazaliwa mimi ndiye niliyekuwa naingiza watu wa Isiolo kwenye intaneti, mmoja baada ya mwingine, kupitia waya mmoja wa simu mwembamba kuliko kidole cha mtoto. Nitawaeleza kazi hiyo ilifanywaje, na nitataja majina ya walioiharibu. Watu wengine wakizeeka wanasamehe. Mimi bado sijafika huko.

Naanza na Festo Mutwiri, mwenye saiba. Mtu mchoyo hadi kwa hewa, feni ilikuwa inazunguka akija mgeni tu. Saiba yetu ilikuwa chumba cha mbao karibu na soko, kompyuta chache, na laini moja ya simu. Hata hiyo moja hatukuwa nayo peke yetu. Mutwiri aligawana na stoo ya ngozi iliyokuwa jirani, ukuta kwa ukuta. Simu moja kwetu, simu ya pili kwa Mzee Wario, mnunuzi wa ngozi za mbuzi na ng'ombe. Tulikuwa kama watu wawili wanaovaa koti moja. Huyu akiinua mkono, yule anafunuka.

Sasa sikilizeni, maana najua hamjui. Siku hizo intaneti haikuwa hewani. Kompyuta ilipiga simu Nairobi kama mtu anavyopiga. Kati yake na waya kulikuwa na kisanduku, modemu, na kilikuwa na spika ndogo, kwa hiyo ulisikia kila kitu. Kwanza mlio wa simu. Halafu namba zinakimbia, tiki tiki tiki, kama kwato za mbuzi juu ya mawe. Kimya kidogo. Halafu ng'iiiii! Halafu krrrshhh, kama mahindi yanamwagwa juu ya bati. Huko Nairobi kisanduku kingine kinajibu kwa kelele hizo hizo, vinasalimiana, vinakubaliana, vinanyamaza. Umeingia. Nilikuwa naweza kuimba wimbo huo wote kwa mdomo. Bado naweza. Mke wangu ameshanikataza.

Aliyenifundisha ni Kinyua, fundi wa laini za simu. Naye nina kesi naye, kwa sababu hakupanda nguzo kabla miraa haijamkolea, na kabla ya saa tisa haikuwa inamkolea. Lakini alinipa neno moja la maana. Siku ya kwanza alinikuta nimetoa macho mbele ya kompyuta, akanigonga kisogo.

"Ebei, wacha kuangalia skrini. Skrini ni mwongo. Sikiza. Wimbo umekatikia wapi?"

Hiyo ndiyo kazi yote, vijana. Wimbo umekatikia wapi. Kama hakuna mlio kabisa, shida ni waya, na unaanza na plagi kabla hujaenda mbali. Mimi siku moja nilifuata waya hadi ng'ambo ya soko, nikatambaa chini ya ua wa miiba, nikarudi nimechanika kama nimepigana na paka, nikakuta plagi imelala sakafuni. Aliyefagia asubuhi ile ni Mutwiri. Alisema fagio ndilo lililofanya hivyo.

Kama mlio upo lakini ukipiga unaambiwa bize, Nairobi kumejaa. Hapo huna la kufanya. Nenda nje, tazama ng'ombe wa watu wakipita, rudi, piga tena. Usipige kwa hasira. Mashine haijui hasira, inajua namba.

Wimbo ukianza vizuri ukakwama katikati, kuna uchafu kwenye laini. Labda maji yameingia kwenye kiungo. Unakata ile sehemu iliyooza kijani, unamenya waya kwa meno, unasokota, unafunga na karatasi ya maziwa, juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli. Kiungo kama hicho kilivumilia mvua mbili. Au kuna mtu ameinua simu ya pili. Huyo tutarudi kwake.

Na wimbo ukiimba hadi mwisho, halafu ukakataliwa, hapo waya hauna kosa. Hapo shida ni mtu. Ameandika jina vibaya, au amebonyeza kile kitufe cha herufi kubwa. Kulikuwa na pasta mmoja, Pasta Ewoi, kila wiki anakataliwa, kila wiki anasema imeli yake imevamiwa na shetani. Nikasimama nyuma yake nione. Kumbe akifika kwenye paswadi alikuwa anafunga macho, kama anaombea chakula. Nikamwambia, pasta, paswadi inaandikwa macho wazi. Akafungua macho, akaingia. Jumapili alitangaza kanisani kuwa ameshinda vita.

Moja zaidi kabla sijafika kwenye hadithi yenyewe. Wingu likitoka upande wa milima ya Nyambene, chomoa modemu kutoka ukutani. Usimwulize mtu. Mimi niliuliza. Mutwiri akasema wacha, kuna wateja. Radi ikapita kwenye waya, ikaua modemu, ikanirusha hadi kwenye viti, na kidole changu hiki cha mwisho hakijasikia kitu tangu siku hiyo. Kikikatwa leo nitajulishwa na majirani. Mutwiri alilia. Alikuwa analilia modemu.

Haya. Hadithi.

Ilikuwa Ijumaa mchana, modemu mpya, mbingu safi. Mlango wa saiba ukafunguliwa kwa mgongo. Mwanamke akaingia kinyumenyume akiangalia barabara, mtoto mchanga kifuani chini ya shuka.

"Salaam aleikum. Wewe ndio Ebei wa mashini?"

"Aleikum salaam, mama. Ndio mimi."

"Funga mlango."

Aliitwa Talaso. Mume wake, Dida, nilimjua. Alikuwa ameenda Uarabuni kuendesha lori, na kabla hajasafiri alikuja kwetu akajifungulia anwani ya kuandikiana, akamfungulia na mke wake ya kwake, ingawa mke mwenyewe hakuwahi kuguswa na chaki. Yeye alikaa mtaa wa Bulla Pesa kwa watu wa Dida. Alikuwa ametoka kwa mlango wa jikoni, na kwa Waborana mwanamke aliyetoka kujifungua hatoki nje hivyo. Nilijua kuna moto unaomfukuza.

"Mtoto ni wa siku saba leo," akasema. "Mbuzi amefungwa kwa mti. Wageni wamefika kutoka Korbesa. Baada ya alasiri jina inatolewa. Baba yake hayuko, kwa hivyo shemeji yangu Abduba ndio atatoa."

"Si hiyo ni furaha, mama?"

"Anataka kumpa jina ya babu yake. Baba ya Dida, yule marehemu."

"Hiyo ni heshima kubwa."

Alinitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyejifunga mwenyewe kwa kamba.

"Wewe si ni Mturkana? Kwenu mwanamke anataja jina ya baba ya bwana yake?"

Mama yangu alizeeka na akafa bila jina la babu kupita mdomoni mwake hata mara moja. Mtu akimwuliza, alisema "yule wa boma."

"Umeona?" akasema Talaso. "Mtoto wangu mimi sitaweza kumuita. Akienda na mbuzi apotelee kichakani, nitamuita nani? Nitampigia mluzi kama ng'ombe? Nilimwuliza Abduba. Unajua alijibu nini? Eti nimuite 'wewe'. Mtoto wangu wa kwanza, 'wewe'!"

Mtoto akalia kidogo, kama aliyeungana na mama yake. Talaso akamtikisa akaendelea. Dida alikuwa ametuma habari na dereva mmoja kwamba kila Ijumaa alasiri tajiri wake anampa nafasi, na yeye anakaa kwenye saiba ya huko akingoja, labda mke wake atatokea kwenye skrini. Hata hakujua bado kama mtoto amezaliwa. Na baba akitoa jina mwenyewe, hakuna kaka wa kumpinga.

"Nipeleke kwake," akasema. "Sasa hivi, mbuzi hajachinjwa."

Vijana, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mnafikiri ilikuwa kompyuta?

Nikapiga. Kimya. Hakuna hata mlio. Nikaangalia plagi, iko. Nikatoka mbio nikafuata waya nyuma ya bucha, na hapo nikakuta mkokoteni wa maji umeegeshwa, punda amesimama juu ya waya wetu, ameuvuta hadi kiungo kimefunguka. Jina la punda huyo silijui. Ningelijua ningelitaja. Nilimsukuma, akanikanyaga, nikamenya waya kwa meno, nikasokota, nikarudi na mdomo una ladha ya shaba.

Nikapiga tena. Mlio. Namba zikakimbia. Kimya kidogo. Ng'iiiii! Talaso akamfunika mtoto masikio. Mahindi yakaanza kumwagika kwenye bati, nikaanza kutabasamu, na ghafla kutoka ndani ya spika ya modemu ikatoka sauti ya mtu mzima, nzito, yenye adabu:

"Asalaam aleikum. Nagaa?"

Talaso akaruka. "Dida?"

"Si Dida," nikasema. "Ni jirani."

"Nagaa?" sauti ikaendelea, ikiuliza amani. "Watoto nagaa? Ng'ombe nagaa? Mvua mmepata huko? Mbona unalia hivyo, ndugu yangu? Nani amekufanya nini?"

Wimbo ukafa. Huyo sasa ndiye Mzee Wario, na huyo ndiye mhalifu wangu mkubwa wa miaka yote. Aliinua simu yake ya pili, akasikia modemu inapiga mayowe, na badala ya kuirudisha chini kama binadamu wengine, alikuwa anaisalimia. Salamu nzima. Na nyinyi mnajua salamu ya mzee wa Kiborana. Haianzi leo ikaisha leo.

Nikapiga ukuta wa mbao. "Mzee Wario! Weka simu chini!"

"Sijamaliza kusalimia!"

"Ni mashine, mzee!"

"Najua ni mashini! Kitu ikilia hivyo unaiwekea simu usoni tu? Wewe ulilelewa wapi?"

Akamaliza. Aliiuliza modemu habari za kisima, akaiombea dua, akaweka chini. Nikapiga mara ya tatu, jasho likinitoka. Mlio, namba, kimya, ng'iiiii, krrrshhh, halafu kile kimya kitamu ambacho nyinyi hamtakijua kamwe.

"Tumeingia," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Ngoja."

Ukurasa ulikuwa unashuka polepole, mstari kwa mstari, kama pazia linaloshushwa na mvivu. Nikaandika jina la anwani yake, hilo nililikumbuka. Kisha nikauliza lile swali ambalo nimewauliza watu wote wa mji huu.

"Paswadi yako?"

Akavuta shuka, akamfunika mtoto upya.

"Mama, lile neno la siri. Dida alikuambia?"

"Aliniambia."

"Ni nini?"

Akatazama ukuta. Akatazama mtoto.

"Ni jina," akasema.

"Jina gani?"

"Ya baba yake."

"Baba ya mtoto?"

"Baba ya Dida."

Vijana, mimi nimepigwa na radi, lakini hapo ndipo nilipopigwa kweli.

"Nong'ona tu," nikasema.

"Hata kwa kunong'ona."

"Mtoto pekee ndiye anasikia."

"Na mimi? Mimi sisikii?" Akajigonga kifua. "Dida alisema, paswadi ni jina ya baba, hutaisahau. Sijasahau! Nimejaa nayo hapa! Inataka kunipasua!"

Kwa hiyo namtaja na Dida. Mwanamume mzuri, mpole, anampenda mke wake, akamjengea mlango akaufunga kwa ufunguo pekee ambao mke haruhusiwi kuushika. Wanaume tuko hivyo. Hatujui wanawake wetu wanabeba nini mdomoni kwa sababu hawakiweki chini mbele yetu. Kinyua alinifundisha kusikiliza waya wote kutoka hapa hadi Nairobi, lakini hakunifundisha ufanye nini wimbo ukikatikia kwenye koo la mtu.

Nikafikiria kutoka nje niulize: jamani, baba mkwe wa mama huyu aliitwa nani? Abduba angepata habari kabla sijafunga mdomo. Nikafikiria kubahatisha. Nikaanza kumtajia majina, Jarso, Boru, Guyo, eti atikise kichwa nikifika. Akaziba masikio. Nikitaja lenyewe, akasema, na yeye akatikisa kichwa, si ni yeye amelisema?

Hapo mlango ukagongwa. Nilidhani ni Abduba. Talaso akaingia chini ya meza na mtoto wake. Lakini fimbo iliyosukuma mlango niliijua, na harufu ya ngozi mbichi iliyoitangulia niliijua zaidi.

"Ebei," akasema Mzee Wario, "yule mgonjwa wa kwenye simu amepata nafuu?"

"Amepata, mzee. Tafadhali, tuko na shida hapa."

Lakini alikuwa ameshaona kitambaa chini ya meza, na mzee yule hakuwahi kupita mtu bila kumsalimia, hata akiwa chini ya meza. Akainama, mikono juu ya fimbo.

"Salaam aleikum, binti yangu. Nagaa?"

"Nagaa," ikajibu meza.

"Mtoto nagaa? Mama nagaa? Nyumba nagaa?"

Nikashika kichwa. Laini imefunguka, Nairobi inangoja, Uarabuni inangoja, mbuzi pale Bulla Pesa anahesabu pumzi zake, na mzee ameanza safari ya kisima hadi kisima. Talaso anajibu nagaa, nagaa, nagaa, kwa sababu mkubwa akikusalimia unajibu hadi mwisho.

"Na wewe ni wa nani, binti yangu?"

"Wa Dida."

"Dida yupi? Madida ni wengi."

"Yule ameenda Uarabuni. Mdogo wa Abduba."

"Aaaah!" Mzee akanyooka, uso ukamfunguka wote. "Dida wa Galgalo! Mtoto wa Galgalo! Galgalo alikuwa mtu! Mimi na Galgalo tulichimba kisima kimoja!"

Nikaruka juu ya kiti. "Rudia, mzee!"

"Kisima?"

"Jina!"

"Galgalo! Kwani umekuwa kiziwi?"

Nikaandika, macho wazi. Nikabonyeza. Pazia likashuka, mstari, mstari, na pale pembeni kidoa kidogo cha kijani: Dida yuko. Talaso alikuwa ametoka chini ya meza, shuka mdomoni, machozi yanamtoka na anacheka. Hakuwa amelisema. Hakuna hata mtu aliyemsikia akilisema. Salamu ndiyo iliyolileta, kwa miguu yake yenyewe.

Nikamweleza Mzee Wario mambo yote kwa pumzi moja. Alisikiliza, akakuna ndevu.

"Abduba ataleta ngozi ya yule mbuzi kwangu," akasema. "Akifika, mbuzi amekwisha, imebaki jina tu. Nyinyi andikeni. Mimi naenda kukaa na simu yangu."

Kupitia ufa wa ukuta nikamwona akirundika ngozi juu ya simu, moja juu ya nyingine, halafu akakalia.

Nikaandika: Dida, ni Talaso. Ebei ndiye anaandika.

Jibu likachukua muda. Kisha: Talaso? Uko sawa?

"Mwambie tumepata kijana," akasema Talaso. "Mwambie ana masikio yake, kubwa hivi."

Nikaandika, na masikio pia. Ikaja Alhamdulillah, ikaja tena, ikaja mara nyingine, ikajaa skrini. Mtu mzima, dereva wa lori, analia kwa kibodi.

"Mwambie Abduba anataka kumpa jina ya paswadi."

Nikaandika. Tukangoja. Na hapo, upande wa pili wa mbao, nikasikia kitu kizito kikitupwa chini, kitu chenye maji maji, na sauti ya mtu mwenye haraka.

"Salaam aleikum, mzee. Ngozi hii hapa. Umeona mke wa Dida akipita huku?"

Ngozi ilikuwa imefika. Mbuzi alikuwa amekwisha.

"Aleikum salaam, Abduba," akajibu Mzee Wario polepole, kama mtu anayetandika mkeka. "Nagaa?"

"Nagaa, mzee. Nauliza, mke wa..."

"Watoto nagaa?"

"Nagaa. Sasa..."

"Ng'ombe nagaa? Wa Korbesa nagaa? Wa Kinna je? Yule ngamia wenu mwenye jicho bovu nagaa?"

Kwenye skrini Dida akaandika: Ni jina zuri hilo.

Nilimsomea Talaso. Macho yakamtoka. Alilaza mtoto juu ya meza, kati ya kibodi na kipanya, akashika kiuno kwa mikono miwili kama Dida yumo ndani ya kioo.

"Mwambie hivi. Mtoto wake akipotelea kichakani na jua linazama, mimi nimuite nani? Nipige mluzi? Na fisi akisikia mluzi aje yeye? Mwambie nataka jina ya kupigia kelele. Mwambie hivyo hivyo!"

Vidole viliniuma. Ng'ambo ya ukuta Mzee Wario alikuwa amefika kwenye mvua: ya mwaka huu, ya mwaka jana, na ile ya mwaka ambao Abduba alikuwa bado hajatahiriwa. Abduba alikuwa anajibu nagaa kwa sauti ya mtu anayemeza mawe. Angefanya nini? Mkubwa anasalimia.

Kidoa kikabaki kijani tu, kikitutazama. Kisha herufi zikaja.

Sikuwa nimefikiria hilo. Nisamehe. Aitwe Halkano. Jaribu kama linapaa.

Nikalisoma. Talaso akalijaribu, polepole kwanza, akionja. "Halkano." Mtoto akafungua jicho moja. Nilitaka kushangilia, lakini mwanamke huyo alikuwa na akili kuliko mimi na modemu pamoja.

"Ngoja. Abduba atasema mashini inaweza kuandika chochote. Mwambie atupe kitu wanajua wao wawili tu."

Dida akajibu haraka safari hii: Mwambie kaka kwamba yule fisi aliyemkimbiza kisimani usiku alikuwa ndama.

Hapo Talaso hakuweza tena. Akapiga kigelegele ambacho nyinyi mngekisikia hadi kwenye uwanja wa ndege. Mzee Wario alikisikia, akajua kazi imekwisha, na kwa furaha akatupa ngozi kando, akainua simu awapashe watu wake wa Merti habari njema. Krrsh. Laini ikafa hapo hapo, na spika ya modemu ikasema, "Salaam aleikum! Nagaa?"

Abduba, aliyefunguliwa kutoka kwenye salamu kama ng'ombe kutoka kwenye zizi, akaingia kwetu na damu ya mbuzi kwenye viatu.

"Talaso! Wageni wamekaa, wewe uko kwa saiba?"

"Baba yake ametoa jina," akasema Talaso. "Hiyo hapo. Soma."

Maneno yalikuwa bado yamesimama kwenye kioo. Laini ikikatika, kilichofika hakirudi. Abduba akasoma, akacheka kwa pua.

"Mashini hii ya Ebei inaandika kile Ebei anataka."

"Soma na chini," nikasema.

Akasoma chini. Vijana, nimeona kompyuta zikizima ghafla, lakini sijaona mtu akizima vile. Akasoma tena. Akaangalia mlango kama yuko mtu mwingine anayesikia.

"Fisi gani?" akauliza Mzee Wario, ambaye alikuwa ameshaingia.

"Hakuna fisi," akasema Abduba.

"Kumbe alikuwa ndama?"

"Mzee, hakuna fisi!" Akajipangusa jasho, akamtazama mtoto pale juu ya meza, akaweka sauti ya mtu mkubwa. "Halkano ni jina nzuri. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeifikiria."

Tulicheka tukitembea njia yote hadi Bulla Pesa, hata mimi nilifunga saiba nikaenda, na Mutwiri akanifokea kesho yake. Nilikula nyama. Mzee Wario alisalimia kila mgeni, na ilipofika zamu ya mtoto, alimsalimia pia, yote, hadi kisima.

Baadaye milingoti ikaja, watu wakaingiza intaneti mfukoni, Mutwiri akapakia kompyuta zake akaenda Meru, akaniachia modemu na hasira. Mzee Wario alishatangulia, na nina hakika huko aliko malaika bado wanajibu. Modemu iko kwenye rafu ya kibanda changu, juu ya chaja. Haina kazi. Naipangusa tu.

Na sasa nimalize na wewe, uliyerusha simu juzi, mwenye masikio makubwa. Kila jioni naona mama akisimama ng'ambo ya barabara na mitungi yake ya maziwa ya ngamia, anaita, "Halkanoooo!" Linapaa juu ya pikipiki zote, karibu hata juu ya adhana, watu wote wa stendi wanageuka. Wewe peke yako hugeuki, umeziba masikio na vile vidude vyeupe.

Vitoe. Hiyo ni laini iliyopatikana kwa shida. Akiita mara ya kwanza, itika.